Uhamishaji wa Matairi katika Magari ya Kasi: Ufafanuzi wa Faida, Mipaka na Hatari Zake

Ikisiri

Makala hii inafafanua iwapo inafaa kubadilishana nafasi za matairi katika magari yaliyoundwa kwa ajili ya kasi na udhibiti. Ushauri uliozoeleka ni kwamba matairi yahamishwe kila baada ya kilomita kadhaa ili yadumu zaidi. Makala inaonesha kwamba ushauri huo unachanganya mambo mawili: kupunguza mpira unaolika, na kusawazisha mlikiko baina ya matairi manne. Kwa kutumia hesabu sahili, inabainishwa kwamba pale ambapo matairi yanalika sawasawa katika upana wake, uhamishaji haupunguzi jumla ya mpira unaotumika, bali hugawa mlikiko huo upya. Kwa hiyo thamani yake hutegemea kiwango ambacho gari husika linahitaji usawa huo. Magari yanayojadiliwa ni Mazda MX-5, Volkswagen Golf GTI, Porsche 911 na Subaru WRX STI. Hitimisho ni kwamba uhamishaji ni wa lazima kwa baadhi ya magari, ni wa hiari kwa mengine, na hauwezekani kwa mengine. Na kwamba uhamishaji uliocheleweshwa unaweza kuwa hatari kuliko kutohamisha kabisa.

1.0 Utangulizi

Gari hugusa barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribiana na kiganja cha mkono. Nguvu zote za kuongeza mwendo, kufunga breki na kukata kona hupita katika sehemu hizo. Gari linapokwenda kilomita 100 kwa saa, husafiri takribani mita 28 kwa kila sekunde moja, na katika muda huo tairi hutakiwa kuondoa maji yaliyotanda mbele yake kabla mpira haujagusa lami. Kwa sababu hiyo, hali ya matairi ina athari ya moja kwa moja kwa usalama wa dereva na wa watumiaji wengine wa barabara.

Kwa magari ya kawaida ya familia, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuhamisha matairi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 12,000. Magari ya kasi hayakubali ushauri huo kwa urahisi. Baadhi yake yana matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele. Mengine hutumia matairi yenye upande maalumu wa kuzunguka. Aidha, magurudumu ya mengi kati yake huinamishwa kwa makusudi ili yashike barabara vizuri kwenye kona. Wamiliki wake, kwa hiyo, hukutana na maelekezo yanayopingana: fundi mmoja huagiza kuhamisha, na mwingine hukataza. Makala hii inafafanua chanzo cha mgongano huo na namna ya kuusuluhisha.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Katika makala hii, uhamishaji wa matairi ni kitendo cha kuliondoa tairi katika nafasi moja ya gari na kulipeleka katika nafasi nyingine, kwa kawaida likiwa bado limevikwa kwenye rimu yake. Kitendo hiki ni tofauti na kulivua tairi kwenye rimu na kulivika upya, jambo linalohitaji mashine na ambalo lina matokeo tofauti kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

Matairi yenyewe yako ya aina tatu kwa kuzingatia mpangilio wa mifereji ya uso wake. Aina ya kwanza ni tairi lenye mifereji inayolingana pande zote, ambalo linaweza kuwekwa popote. Aina ya pili ni tairi lenye mwelekeo, ambalo mifereji yake huchora umbo linalofanana na mshale na ambalo ubavuni lina alama inayoonesha upande linapotakiwa kuzunguka. Tairi la Goodyear Eagle F1 GS-D3 ni mfano wa aina hii. Aina ya tatu ni tairi lenye upande wa ndani na wa nje, kama vile Michelin Pilot Sport 4 S, ambalo nusu yake ya nje imetengenezwa kwa ajili ya kustahimili kona na nusu ya ndani kwa ajili ya kutoa maji.

Tairi lenye mwelekeo likiwa kwenye rimu yake linaweza kuhamishwa kutoka mbele kwenda nyuma kwa upande uleule tu. Tairi lenye upande wa ndani na wa nje linaweza kuhamia upande wa pili wa gari, mradi ubavu wa nje ubaki ukitazama nje. Tofauti hii ndiyo chanzo cha kwanza cha maelekezo yanayopingana, kwa kuwa agizo lililo sahihi kwa tairi moja huwa kosa kwa jingine.

3.0 Je, Uhamishaji Hupunguza Mpira Unaolika?

Hoja inayotolewa mara nyingi kutetea uhamishaji ni kwamba matairi hudumu zaidi. Hoja hii inahitaji kupimwa kwa hesabu. Chukulia gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye matairi manne ya ukubwa mmoja, mapya, yenye mifereji ya kina cha milimita 7. Chukulia pia kwamba mmiliki ameamua kuyabadilisha yanapofika milimita 3. Kila tairi, basi, lina milimita 4 za kutumika. Kwa ajili ya mfano huu, ichukuliwe kwamba matairi ya nyuma hulika milimita 1 kwa kila kilomita 5,000 na ya mbele milimita 1 kwa kila kilomita 8,000.

Bila uhamishaji, jozi ya nyuma huisha baada ya kilomita 20,000 na jozi ya mbele baada ya kilomita 32,000. Katika kilomita 160,000, gari litakuwa limetumia jozi nane za nyuma na jozi tano za mbele, yaani matairi 26. Kwa uhamishaji uliokamilika, kila tairi hukaa nusu ya maisha yake mbele na nusu nyuma, hivyo hulika kwa wastani wa milimita 0.1625 kwa kila kilomita 1,000. Matairi yote manne huisha kwa pamoja baada ya kilomita zipatazo 24,600. Katika kilomita zilezile 160,000, gari litakuwa limetumia seti sita na nusu za matairi manne, ambayo ni matairi 26.

Idadi ni ileile. Uhamishaji umebadilisha wakati wa kununua, lakini haujapunguza idadi ya matairi yanayonunuliwa. Mmiliki aliyekuwa akinunua matairi mawilimawili kwa nyakati tofauti sasa hununua manne kwa mkupuo. Matokeo haya hayategemei tarakimu zilizochaguliwa katika mfano. Madhali kasi ya mlikiko ni sifa ya nafasi ya gurudumu, jumla ya mpira unaoachwa barabarani hubaki palepale bila kujali ni tairi gani limekaa katika nafasi ipi.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina sharti moja: kwamba tairi linalika sawasawa katika upana wake wote. Sharti hili halitimii daima. Magurudumu ya mbele, kwa kuwa ndiyo yanayogeuzwa, huelekea kulika mabegani. Yale ya nyuma yanayosukuma gari huelekea zaidi kulika katikati. Vilevile, vipande vya mpira vinaweza kulika upande mmoja na kubaki vimechongoka mfano wa meno ya msumeno, hali inayoleta mvumo. Tairi likitupwa kwa sababu ya sehemu moja iliyokwisha, mpira uliosalia kwingine hupotea bure. Hapo uhamishaji huokoa mpira kwelikweli, kwa sababu nafasi mpya husawazisha kile ambacho nafasi ya awali ilikilemaza. Kwa hiyo faida ya uhamishaji ni ya aina mbili tu: usawa baina ya matairi, na usawa ndani ya uso wa tairi moja. Swali la msingi ni iwapo gari linazihitaji faida hizo, na iwapo linaweza kuzipata.

4.0 Mahitaji ya Magari ya Aina Mbalimbali

4.1 Matairi ya ukubwa mmoja, msukumo wa nyuma

Mazda MX-5 ni gari dogo la wazi ambalo uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu baina ya mbele na nyuma, na ambalo hutumia ukubwa mmoja wa tairi kwa magurudumu yote. Katika gari la aina hii uhamishaji unawezekana bila kikwazo, na una faida ya kiusalama. Kwa kurejelea mfano uliotangulia, baada ya kilomita 20,000 bila kuhamisha, matairi ya nyuma yamebaki na milimita 3 ilhali ya mbele yana milimita 4.5. Kwa kuhamisha, yote yana takribani milimita 3.75. Gari la kwanza lina nyuma dhaifu kuliko mbele, hali ambayo ni hatari wakati wa mvua. Gari la pili lina mizania iliyokusudiwa na waliolibuni.

4.2 Msukumo wa mbele

Katika Volkswagen Golf GTI, magurudumu ya mbele husukuma, hugeuza na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Hulika haraka, na ya nyuma hubaki na mifereji mirefu. Kwa mtazamo wa usalama, hali hii haina ubaya, kwa kuwa matairi bora yako nyuma. Tatizo lake ni umri. Tairi la nyuma linaweza kukaa miaka mingi bila kuisha, huku mpira wake ukikauka na kuwa mgumu. Tarehe ya kutengenezwa husomwa ubavuni katika tarakimu nne, mathalani 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa gari la aina hii, utaratibu unaofaa ni ama kuhamisha mapema, ama kuacha jozi ya mbele iishe, kisha kuipeleka ya nyuma mbele na kuweka jozi mpya nyuma. Utaratibu huu wa pili ni uhamishaji pia, ingawa hauhesabiwi hivyo na wengi.

4.3 Matairi ya ukubwa tofauti

Porsche 911 ina injini nyuma ya ekseli ya nyuma, na takribani asilimia 60 ya uzito wake huelemea huko. Tangu Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, iliyotumia matairi ya 185/70 mbele na 215/60 nyuma, tofauti ya upana imekuwa njia mojawapo ya kuudhibiti uzito huo. Katika 911 Carrera ya kizazi cha 992, tairi la mbele ni 235/40 R19 na la nyuma ni 295/35 R20. Tofauti ya upana ni milimita 60, na hata rimu zina vipenyo tofauti. Kuhamisha kutoka mbele kwenda nyuma, basi, hakuwezekani. Kinachobaki ni kuhama kutoka kushoto kwenda kulia katika ekseli ileile, nako huruhusiwa tu iwapo tairi si la mwelekeo.

Kwa gari la namna hii, matairi hununuliwa kwa jozi na ya nyuma ndiyo hutangulia kuisha. Mmiliki hapati hasara ya mpira kwa kutohamisha, kama hesabu ya sehemu ya 3.0 ilivyoonesha. Anachokosa ni usawa baina ya mbele na nyuma, na fidia yake ni kupima kina cha mifereji mara kwa mara na kubadilisha jozi ya nyuma mapema badala ya kungoja kikomo cha kisheria, ambacho kwa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni milimita 1.6.

4.4 Msukumo wa magurudumu yote manne

Katika Subaru WRX STI, gari ambalo jina lake lilikuzwa na mashindano ya mbio, yakiwemo ya Safari Rally nchini Kenya ambako Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, uhamishaji si suala la hiari. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa kupitia difu ya katikati, ambayo huruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Gari likienda moja kwa moja, difu hiyo hutarajiwa kutulia.

Tairi la 245/40 R18, lililotumika katika WRX STI ya mwaka 2015, lina kipenyo cha takribani milimita 653 na mzingo wa milimita 2,052 likiwa jipya. Likipungua milimita 3 za mpira, mzingo wake hupungua kwa takribani milimita 19. Kwa hesabu hii, tairi lililolika litazunguka mara nne na nusu zaidi ya jipya katika kila kilomita moja. Difu ambayo ingefanya kazi kwenye kona tu sasa hulazimika kufanya kazi safari nzima, nayo hupata joto na kuchakaa. Kiwango kinachotajwa kwa kawaida katika matengenezo ya Subaru ni kwamba tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4. Kwa kipimo cha mifereji, hiyo ni tofauti ya milimita moja tu.

Jambo hili lina uzito kwa wamiliki wa Nairobi na Dar es Salaam, ambako magari ya Subaru yaliyotumika Japani huingizwa kwa wingi. Tairi moja likipasuka, kishawishi ni kununua moja la kufidia. Katika gari la msukumo wa nyuma uamuzi huo una kasoro zake. Katika Subaru unaweza kugharimu difu. Tairi moja linaweza kuongezwa tu endapo mengine matatu bado ni mapya kiasi kwamba tofauti inabaki ndani ya milimita moja. Vinginevyo, manne hubadilishwa pamoja. Uhamishaji wa mara kwa mara ndio unaoyafanya matairi manne yafikie mwisho kwa pamoja, na kwa hiyo kuufanya ununuzi huo usiwe upotevu.

5.0 Bega la Ndani na Mipaka ya Uhamishaji

Magari mengi ya kasi huinamishwa magurudumu yake ili sehemu ya juu ielekee ndani. Kwenye kona, gari linapolala upande mmoja, gurudumu la nje husimama wima na kushika kwa upana wake wote. Katika barabara iliyonyooka, hata hivyo, bega la ndani hubeba mzigo zaidi na hulika kwanza. Hali huwa mbaya zaidi iwapo magurudumu yakitazamwa kutoka juu hayaendi sambamba, mfano wa nyayo za mtu anayetembea akizielekeza ndani au nje. Katika hali hiyo tairi huburuzwa kidogo kila linapozunguka.

Wamiliki wengi hutarajia kwamba uhamishaji utatibu bega la ndani. Matarajio hayo hayana msingi. Rimu ina upande wake wa ndani na wa nje, na haugeuki gurudumu linapohamishwa. Bega lililotazama ndani upande wa kushoto litatazama ndani hata likipelekwa kulia. Njia pekee ya kuligeuza ni kulivua tairi kwenye rimu. Kwa tairi lenye mwelekeo jambo hilo linawezekana: likivuliwa kushoto na kuvikwa kulia huku mshale ukiheshimiwa, bega la ndani huwa la nje. Kwa tairi lenye upande wa ndani na wa nje haliwezekani, kwa sababu ubavu wa nje lazima utazame nje popote litakapokuwa.

Hapa ndipo uhamishaji unaweza kudhuru kwa namna isiyotarajiwa. Mlikiko wa tairi ni ushahidi. Bega moja lililokwisha upande wa kushoto pekee huashiria bushi iliyochoka, mkono uliopinda kwa kugonga shimo, au magurudumu yasiyoenda sambamba. Fundi anayehamisha bila kupima huufuta ushahidi huo kwa muda, na kosa lililobaki huanza kulila tairi jingine. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo kipimo cha kina cha mifereji, kikichukuliwa ndani, katikati na nje ya kila tairi, hutangulia uhamishaji wowote, na magurudumu hunyooshwa kabla ya matairi kuhamishwa.

6.0 Wakati wa Kuhamisha na Usalama

Watengenezaji wa matairi, akiwemo Michelin, hushauri kwamba jozi yenye mifereji mirefu zaidi iwekwe nyuma. Sababu yake ni tabia ya gari linapoteleza. Magurudumu ya mbele yakipoteza mshiko juu ya maji, dereva huhisi usukani ukiwa mwepesi, huachia mafuta, na mara nyingi gari hurejea. Ya nyuma yakitangulia kupoteza mshiko, mkia hutupwa nje na gari huanza kuzunguka, na dereva wa kawaida huchelewa kulidhibiti. Mifumo ya kielektroniki ya kudhibiti mtelezo husaidia, lakini haiwezi kuumba mshiko ambao haupo.

Kutokana na kanuni hiyo, uhamishaji una wakati wake. Tofauti kati ya mbele na nyuma ikiwa haijazidi takribani milimita moja, kuhamisha ni salama, kwa kuwa jozi inayokwenda nyuma karibu inalingana na ile inayotoka. Tofauti ikifika milimita tatu, kuhamisha maana yake ni kuipeleka jozi iliyochoka nyuma wakati wowote mvua inapoweza kunyesha. Kwa mfano, mmiliki wa Golf GTI anayesubiri matairi ya mbele yakaribie kuwa vipara ndipo ahamishe, huwa amelichukua gari salama na kulifanya la hatari.

Baada ya kuhamisha, upepo hurekebishwa kulingana na nafasi mpya iwapo mbele na nyuma vina viwango tofauti, nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, na hukaguliwa tena baada ya mwendo mfupi. Mvumo unaoweza kusikika katika siku za mwanzo hutokana na meno ya msumeno yaliyotajwa awali, nao hupungua kadiri mpira unavyosawazika.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba swali la iwapo magari ya kasi yahamishwe matairi halina jibu moja, kwa kuwa uhamishaji wenyewe hauna faida moja. Hauokoi mpira pale ambapo tairi linalika sawasawa; hununua usawa. Gari la msukumo wa magurudumu manne lenye matairi ya ukubwa mmoja haliwezi kuishi bila usawa huo. Gari la msukumo wa nyuma lenye ukubwa mmoja hunufaika nao kiusalama. La msukumo wa mbele linaweza kuuacha kwa muda bila madhara, mradi umri wa matairi ya nyuma uzingatiwe. Gari la matairi ya ukubwa tofauti haliwezi kuupata, na mmiliki wake hapaswi kujilaumu wala kulazimisha.

Katika hali zote nne, hatua ya kwanza ni ileile: kupima kila tairi katika sehemu tatu na kuuliza kwa nini limelika lilivyolika. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo kinachohitajika ni jeki ya kuhamishia matairi, mashine ya kunyooshea magurudumu, au jozi mpya ya kuweka nyuma kabla masika hayajaanza.